Mnara Si Wetu: Mustakabali wa Runinga ya Jamii katika Delta ya Tana

Wazee wetu, mama zetu, walimu, na nyinyi vijana mliotoka Ngao, Golbanti na Garsen kuja kukaa nasi hapa Tarasaa, nimeombwa nizungumze juu ya mustakabali wa runinga ya jamii. Nitaanza na maji.

Bwawa la Masinga linapofurika, Nairobi hutangaza. Picha huwa ni ileile: maji yanamwagika juu ya ukuta wa bwawa, mtangazaji anawasihi wakazi wa maeneo ya chini wahamie sehemu za juu, kisha zinafuata habari za siasa. Masinga lilikamilika mwaka 1981 na ndilo kubwa katika mabwawa matano ya mto huu wa Tana, pamoja na Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Maji yakishamwagika huko hayafiki kwetu siku hiyo. Yanashuka hadi Garissa, yanapita Bura, yanapita Hola, yanafuata kona zote za mto, ndipo siku kadhaa baadaye yanaingia mashambani mwetu. Siku hizo ni mali. Ndizo siku za kuvuna mahindi mabichi ili yasiozee majini, za kuhamisha ndama na mbuzi, za kumsogeza mama mjamzito karibu na hospitali kabla barabara haijakatika.

Lakini mtu wa Tarasaa haulizi kama Masinga limefurika. Anauliza maji yamefika wapi leo asubuhi. Anauliza yameelekea upande gani wa bonde, kingo zipi zimebomoka, na kama gari linapita kutoka hapa hadi Minjila. Mafuriko ya 1961 wazee wetu walisomewa na mto wenyewe. Yale ya El Niño ya 1997 na 1998, yaliyouharibu mradi wa mpunga wa TARDA, mamlaka ya maendeleo ya mito ya Tana na Athi, yalikuja wakati nchi ina redio na runinga. Ya 2018 yalitukuta tuna simu mkononi. Ya Novemba 2023 na ya Aprili na Mei 2024 yalitukuta tuna simu, ving'amuzi na chaneli nyingi kuliko wakati wowote. Hata hivyo, swali la maji yamefika wapi leo asubuhi lilijibiwa na jamaa aliye juu mtoni akipiga simu, au halikujibiwa.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Kwa mtu wa delta, runinga ya jamii ni suala la nani mwenye uwezo wa kurusha picha inayotuhusu, kwa wakati unaotufaa, bila kuomba ruhusa kwa mtu ambaye mto haufiki mlangoni kwake. Ninashikilia kwamba uwezo huo tuliupoteza mwaka 2015, kabla hata hatujaupata, na kwamba dola iliyotupotezea ina wajibu wa kutulipia gharama ya kuurudisha.

Tuanze na sheria. Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya, baada ya marekebisho ya 2009 na ya 2013, inagawa utangazaji katika mafungu matatu: wa umma, wa kibiashara na wa jamii. Kituo cha jamii hakitafuti faida. Watu kinaowahudumia wanatakiwa kushiriki katika uendeshaji wake na katika kuchagua vipindi. Kinaweza kuishi kwa michango, misaada, ufadhili na matangazo ya biashara, ila matangazo hayo yawe yanaihusu jamii hiyo katika eneo lake. Katiba ya 2010 nayo, katika kifungu cha 7, inaitaka serikali ikuze lugha za wenyeji, na katika kifungu cha 34 inalinda uhuru wa vyombo vya habari. Mtu akisoma karatasi hizi atadhani kwamba kesho Tarasaa inaweza kuwa na kituo chake, kikizungumza Kipokomo asubuhi, Kiorma jioni na Kiswahili katikati.

Kwa upande wa redio jambo hilo limewezekana, ingawa kwa taabu. Kenya ilikuwa na redio ya jamii mapema kuliko nchi nyingi za Afrika: mwaka 1982, kwa msaada wa UNESCO, kituo kidogo kilifunguliwa Homa Bay kikatangaza kwa Kijaluo kwa mtambo wa nguvu ndogo sana. Mwaka 1984 serikali ikakifunga. Ikapita miaka ishirini hivi hadi Mang'elete kule Ukambani, Koch FM pale Korogocho na Pamoja FM pale Kibera. Vituo hivi vinaishi kwa shida. Mtambo ukiungua, mwezi mzima kimya. Watangazaji wengi wanajitolea, na wakishaiva wanachukuliwa na vituo vya biashara. Lakini vipo, na sababu ya kuwapo kwake ni moja ambayo watu huipita haraka: mlingoti ni wao. Mtambo wa FM unaingia katika chumba kimoja. Kijana aliyefundishwa vizuri anaweza kuutengeneza. Umeme ukikatika, jenereta au paneli za sola zinatosha. Hakuna mtu wa kati anayedai kodi kila mwezi ili sauti ya Mang'elete iwafikie watu wa Mang'elete.

Runinga haikupata bahati hiyo. Nawaomba mnivumilie hapa, kwa kuwa jambo lenyewe ni la kiufundi na vijana wetu wengi hawakuelezwa.

Zamani, katika mfumo wa analogia, chaneli moja ilibebwa na masafa yake mwenyewe, kutoka mtambo wake mwenyewe. KBC ilikuwa na mitambo yake, KTN ilipoanza mwaka 1990 ikajenga ya kwake, na wengine wakafuata. Aliyetaka kurusha picha katika mji mmoja tu angeweza, kwa kanuni ya fizikia, kusimamisha mtambo mdogo wa mji mmoja. Ghali, ndiyo, kuzidi FM, ndiyo. Lakini njia ilikuwapo.

Mwaka 2006 nchi zilikutana Geneva chini ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano zikakubaliana kuhamia mfumo wa dijitali, na tarehe ya mwisho ikawekwa kuwa 17 Juni 2015. Kenya ilianza kurusha mawimbi ya dijitali Desemba 2009. Katika mfumo huu mpya, masafa mamoja yanabeba chaneli karibu ishirini kwa pamoja, zimefungwa kama mzigo mmoja. Kwa nchi hilo ni jambo jema, kwani masafa ni mali adimu. Lakini mzigo wa chaneli ishirini hauwezi kuwa na wenyewe ishirini katika mtambo mmoja, kwa hiyo kazi ikagawanywa. Mwenye vipindi akawa mtu mmoja na mrushaji wa mawimbi mtu mwingine. Leseni za kwanza za kusambaza mawimbi zilipewa Signet, ambayo ni tanzu ya KBC, na Pan African Network Group. Vyombo vikubwa vya Nairobi vikakataa kuwa wapangaji. Vikaenda mahakamani hadi Mahakama ya Juu, iliyotoa uamuzi Septemba 2014, na hatimaye vikapata leseni yao ya pamoja kwa jina la Africa Digital Network. Mnakumbuka Februari 2015, NTV, KTN na Citizen zilipozimwa kuanzia tarehe 14 hadi Machi 4. Nchi nzima ilidhani ni ugomvi wa ving'amuzi. Ulikuwa ugomvi juu ya nani atamiliki mnara. Wenye nguvu walipigana kwa sababu waliijua maana ya kuwa mpangaji, na mwisho wakajenga minara yao.

Sisi hatukuwa na wa kutupigania. Mwisho wa Machi 2015 analogia ilizimwa kote nchini, na tangu hapo mtu wa Tarasaa anayetaka runinga ya jamii ana mlango mmoja: kupewa leseni ya vipindi, kisha kwenda kwa msambazaji wa mawimbi kununua nafasi katika mzigo wake, na kulipa kila mwezi bila kukosa. Msambazaji naye hana mtambo wa Tarasaa. Ana mtambo mkubwa unaohudumia eneo pana, na bei yake imepangwa kwa ajili ya mtu anayetaka kuwafikia watu wengi ili auze matangazo. Kikundi kinachotaka kuwafikia watu kutoka Garsen hadi Kipini tu, na ambacho kwa sheria hakitafuti faida, kinalazimika kununua zaidi ya kinachohitaji kutoka kwa mtu asiyekihitaji. Matangazo ya biashara ya hapa petu hayawezi kulipa deni hilo. Yupo mwenye duka la pembejeo, yupo mwenye lori la maembe, yupo mwenye nyumba ya wageni pale Garsen. Hawa ni watu wazuri na watachangia, lakini hawatalipia mnara.

Ndiyo maana chaneli za lugha za wenyeji zilizofanikiwa nchini zimeota mahali penye soko. Inooro TV ilianza mwaka 2015 ikiwa na kampuni kubwa nyuma yake na mamilioni ya wasemaji mbele yake. Wapokomo na Waorma tukijumlishwa, pamoja na Wamunyoyaya, Wawaata, Wawardei na Waswahili wa Kipini, hatulifikii soko hilo na hatutalifikia. Tukisubiri soko lituletee runinga, tutasubiri pamoja na wajukuu wetu.

Lipo pia jambo la pili katika kuwa mpangaji. Tarehe 30 Januari 2018, siku Raila Odinga alipoapishwa Uhuru Park kwa namna yake, serikali ilizima mawimbi ya NTV, KTN News, Citizen na Inooro. Juni 25, 2025, siku ya maandamano, mawimbi ya vituo vikubwa yalizimwa tena hadi mahakama ilipoamuru yarudishwe. Ikiwa wenye mawakili na minara walizimika kwa siku moja, kituo cha jamii kilichopanga nafasi kwa mtu mwingine, na chenye deni la miezi miwili, kitazimwa bila hata kutajwa kwenye taarifa ya habari.

Tusidhani kwamba hili ni balaa la Afrika peke yake. Australia ilikuwa na vituo vya runinga ya jamii katika miji yake mikubwa kwa miaka mingi. Septemba 2014 serikali yake ilitangaza kwamba vituo hivyo vitaondolewa hewani mwisho wa 2015 vihamie intaneti, ili masafa yafanyiwe kazi nyingine. Kile cha Sydney kikatoka hewani Desemba 2015. Kile cha Melbourne na kile cha Adelaide vikang'ang'ania, vikaongezewa muda kidogo kidogo, mara mwaka mmoja, mara miaka michache, hadi 2024 bunge lao lilipovipa haki ya kubaki mpaka masafa yatakapohitajika kwa jambo jingine. Karibu miaka kumi kituo hakijui kama mwakani kitakuwapo! Nani atamwajiri mhariri wa kudumu kwa mkataba wa namna hiyo? Marekani nako, sheria ya 1984 iliruhusu miji kutoza kampuni za kebo hadi asilimia 5 ya mapato, na sehemu ya fedha hizo ikawa inalisha chaneli za wananchi. Sasa wateja wanaikimbia kebo na kapu linapungua mwaka hadi mwaka. Kila mahali shida ni moja: chaneli ya jamii iliegemezwa kwenye teknolojia iliyopo, na teknolojia ilipohama hakuna aliyeulizwa jamii itahamaje.

Najua kuna kijana hapa anayeniangalia kwa huruma. Anasema moyoni: mzee huyu anahangaika na minara, na mimi naweza kurusha harusi ya binamu yangu moja kwa moja kwa simu, nikaonekana Muscat na Minneapolis. Ni kweli, na ninafurahi kwamba ni kweli. Harusi zetu, mazishi yetu na mechi zetu za mpira sasa zina picha. Baadhi ya kazi za vijana wa delta katika mafuriko ya 2024 zilikuwa bora kuliko tulizoziona kwenye chaneli za taifa, kwa sababu aliyeshika simu alijua jina la kijiji na jina la anayezungumza.

Lakini nakuomba mwanangu uitazame simu hiyo kwa makini. Kwanza bando, ambayo mama yako hanunui kila siku, na akinunua haimalizii kwenye video ya nusu saa. Runinga ya hewani, kwa aliye na king'amuzi cha bure, haidai kitu kila anapotazama, na watu kumi na watano wanaketi mbele ya kioo kimoja. Pili, mtandao. Siku maji yanapokata barabara na kung'oa nguzo, mnara wa simu nao huzimika, na siku hiyo ndiyo tunayoihitaji habari. Tatu, mpangilio. Kampuni yenye mtandao huo wa kijamii huamua nani aone nini, na huamua kwa kupima kinachomshika mtazamaji. Video ya nyumba inayoungua itafika kijiji jirani kabla ya video ya wazee wanaopatana. Nne, na hili ndilo zito kwangu: hakuna wa kumuuliza. Ukirusha uongo leo, kesho unafuta ukurasa, unafungua mwingine. Kituo chenye leseni kina ofisi, kina bodi, na mtu aliyedhulumiwa anaweza kwenda kugonga mlango.

Hilo linanipeleka mahali ambapo ningependa kutoenda, lakini siwezi kuzungumza juu ya picha na delta hii nikaukwepa mwaka 2012, mwaka wa mapigano kati ya Wapokomo na Waorma.

Tarehe 22 Agosti 2012, katika kijiji cha Riketa, waliuawa watu zaidi ya hamsini asubuhi moja, wengi wao wanawake na watoto. Wakafuata wa Chamwanamuma, wakafuata wa Kilelengwani, na Desemba wakafuata wa Kipao. Kwa jumla tulizika zaidi ya watu mia moja. Kamera zilikuja. Zilikuja baada ya mauti, zikapiga picha majivu, zikaondoka, na maneno ziliyoyaacha ni mawili: wafugaji na wakulima. Kana kwamba sisi ni jozi ya viumbe waliozaliwa kugombania maji. Hakuna kamera iliyokuwapo miezi ya kabla, watu walipokuwa wakibishana juu ya malka, zile njia za ng'ombe kushukia mtoni, na shamba lililolimwa katikati ya njia. Hakuna iliyofuatilia jinsi mipango mikubwa ya mashamba ya miwa na ya mimea ya mafuta ilivyozitia jamii zote mbili hofu ya kupokonywa ardhi. Tume ya Jaji Grace Nzioka iliundwa na kusikiliza mashahidi. Wananchi wangapi wa delta waliwaona mashahidi hao wakizungumza, kwa uso na kwa sauti?

Sasa fikirieni swali gumu. Je, kama mwaka 2012 tungekuwa na runinga ya jamii Tarasaa, ingezuia damu, au ingeiongeza? Sitawadanganya kwamba jibu ni rahisi. Redio ya RTLM kule Rwanda mwaka 1994 ilizungumza lugha ya wenyeji, ilipendwa, na iliua. Hapa kwetu, baada ya uchaguzi wa 2007, vituo vya lugha za mama vilinyooshewa vidole. Kituo cha Kipokomo peke yake, kilichoko upande mmoja wa mto, kinachoendeshwa na ukoo mmoja na kufadhiliwa na mwanasiasa mmoja, kingekuwa hatari tupu. Kituo cha Kiorma peke yake vilevile. Sheria inasema kituo ni cha jamii, ila tujiulize ni jamii ipi, na nani jirani yake ameachwa nje ya mlango. Katika delta hii swali hilo linatakiwa liulizwe kabla ya swali la mtambo.

Na hapa ndipo ninapoiona kazi ambayo runinga inaiweza kuliko redio. Redio ya lugha mbili huwagawa wasikilizaji: saa ya Kiorma ikifika, Mpokomo anazima, na kinyume chake. Kioo kinaweza kuzungumza na kuandikwa kwa wakati mmoja. Mzee wa Gasa akizungumza Kipokomo chake chote, bila kukikata kwa ajili ya mgeni, maneno yanapita chini kwa Kiswahili, na mtoto wa Kiorma aliye darasa la sita anamsomea bibi yake. Mzee wa Kiorma akizungumza lugha yake, vivyo hivyo kwa upande wa pili. Kiziwi, ambaye redio haimjui kabisa, anapata mkalimani wa lugha ya ishara pembeni mwa kioo. Na uso unaonekana. Ni vigumu zaidi kumfanya adui mtu uliyemwona wiki baada ya wiki akilalamika juu ya chanjo ya ng'ombe wake au bei ya maembe yake.

Sisemi haya kwa ndoto tu. Mwambao huu una mfano wake. Katika miaka ya 1990, Mtwara na Lindi nchini Tanzania, mradi wa maendeleo wa RIPS uliofadhiliwa na Finland ulishirikiana na kikundi kiitwacho Maneno Mengi kutengeneza video na wavuvi waliokuwa wakiteswa na uvuvi wa baruti. Wavuvi wenyewe walizungumza mbele ya kamera. Kanda zikaoneshwa kijiji hadi kijiji, kisha zikapelekwa mbele ya viongozi waliokuwa na uwezo wa kuchukua hatua, na viongozi wakawasikia watu ambao wasingepata nafasi ya kuingia ofisini kwao. Hapakuwa na mnara wala masafa. Palikuwa na kamera, kanda, jenereta na ukuta mweupe.

India walikwenda mbali zaidi. Mwaka 1975, katika wilaya ya Kheda jimboni Gujarat, shirika lao la anga lilisimamisha mtambo mdogo katika kijiji cha Pij na kuanza kutangaza kwa Kigujarati habari za wilaya hiyo tu. Runinga ziliwekwa mahali pa wazi ili kila mtu atazame. Vipindi viligusa ujira wa vibarua, unyonge wa tabaka la chini, mambo ambayo wakubwa wa vijiji hawakupenda yasemwe. Mwaka 1984 mradi ulipata tuzo ya UNESCO ya mawasiliano ya vijijini. Katika miaka hiyohiyo serikali iliamua kuuondoa mtambo huo upelekwe kuhudumia mji mkubwa. Wanavijiji waliandamana kuutetea, na mwisho kituo kilizimwa hata hivyo. Ninaitaja Kheda kwa sababu mbili. Inaonesha kwamba runinga ya wilaya moja inawezekana na inapendwa. Na inaonesha kwamba kupendwa hakukilindi kituo ambacho mtambo wake ni wa mtu mwingine.

Basi tufanye nini sisi? Nitasema ninavyoona, na nyinyi mtanipinga baada ya hapa.

Tusianze na leseni ya runinga. Tuanze na chumba, kamera mbili, na watu sita waliofundishwa vizuri, watatu wa kila upande, wanawake wakiwamo. Kwa mwaka wa kwanza tutengeneze kipindi kimoja kwa wiki na kukionesha ukutani, sokoni na shuleni, Tarasaa, Ngao, Garsen, na vijiji vya wafugaji siku za mnada. Vibanda vya video vinavyoonesha mpira wa Uingereza vipo kila mji. Wenye vibanda wakiombwa nusu saa kabla ya mechi, nadhani hawatakataa. Vipindi hivyo vihifadhiwe kwa majina na tarehe. Hatuna hazina yoyote ya picha yetu wenyewe. Anayetaka kuona Ngao ya zamani, enzi za wamisionari wa Neukirchen, au mradi wa mpunga ulivyokuwa kabla ya El Niño, lazima atafute picha iliyopigwa na mgeni na kuhifadhiwa ugenini.

Kikao cha bunge la kaunti kule Hola kiwe chakula cha kila wiki cha kituo hicho. Katiba, kifungu cha 196, inalitaka bunge hilo lifanye kazi yake hadharani na liwashirikishe wananchi. Kufanya kazi hadharani mahali ambapo mwananchi wa Kipini hana nauli ya kufika ni hadharani ya jina tu. Picha ya mwakilishi wetu akichangia bajeti, au akiwa kimya mwaka mzima, ina manufaa kuliko mikutano kumi ya kampeni.

Ndipo tudai mnara, na tudai kwa haki. Kuna Mfuko wa Huduma kwa Wote, ulioundwa kwa sheria ya mawasiliano, ambao watoa huduma wenye leseni huuchangia sehemu ya mapato yao ili mawasiliano yafike mahali ambapo biashara haiendi. Fedha zake zimesaidia minara ya simu na intaneti ya shule, na hilo ni jema. Lakini delta ya Tana ni mahali ambapo biashara ya runinga haiendi, kwa ushahidi wa miaka yote tangu 2015. Mfuko huo ulipie nafasi ya chaneli moja ya jamii katika kila eneo la aina hii, moja kwa moja kwa msambazaji wa mawimbi, kwa mkataba wa miaka mingi. Na pale ambapo mtambo mkubwa ni ghali bila sababu, Mamlaka ya Mawasiliano itoe leseni ya mtambo mdogo wa dijitali, unaobeba chaneli chache kwa eneo dogo. Teknolojia hiyo si ya kubuni. Mtambo mdogo wa dijitali unawezekana kama ulivyowezekana mtambo mdogo wa analogia. Kinachokosekana ni mtu wa kuudai.

Wapo watakaosema kwamba njia fupi ni serikali ya kaunti igharamie kila kitu. Napinga kwa nguvu zangu zote. Kituo kinacholishwa na ofisi ya gavana kitakuwa kituo cha gavana, na miaka mitano ikipita kitakuwa kituo cha gavana mwingine au gofu. Kaunti itoe umeme, chumba na taarifa za mafuriko, iishie hapo. Bodi ikae nusu kwa nusu, kiti cha uenyekiti kihame kila mwaka kutoka upande mmoja wa mto kwenda wa pili, na Wamunyoyaya na Wawaata wawe na viti vyao ambavyo haviwezi kupigiwa kura vikachukuliwa na wengi. Mhariri asiwe mgombea wa cheo chochote, wala asiwe amegombea karibuni. Habari yoyote ya mapigano isirushwe mpaka wahariri wawili, mmoja wa kila lugha, wameitia sahihi. Hilo litachelewesha habari kwa saa mbili, pengine tatu, na siku nyingine Nairobi wataturushia kwanza. Niko tayari kuchelewa.

Rasimu ya katiba ya kituo na barua ya kwanza kwa Mamlaka ya Mawasiliano nimeziacha pale mezani, kwa Kiswahili. Atakayezichukua azitafsiri kwa Kiorma na Kipokomo kabla ya kikao kijacho, ili tuzijadili neno kwa neno.